Simba wa Witu na mapinduzi yaliyozimwa Ujerumani

MSAFIRI anayetoka Wema au Ngao, akafika Garsen na kushika barabara iendayo Lamu, hupita mji mdogo wa Witu pengine bila kugeuza shingo. Hakuna kinachomwambia kwamba hapa palikuwa makao ya sultani, wala kwamba mwaka 1890 nchi hii iliwekwa katika mkataba mmoja na kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini, ikahamishwa kutoka dola moja ya Ulaya kwenda nyingine, na wenyeji wake wakapata habari wakati wino umekwisha kukauka.

Aliyeanzisha makao hayo ni Ahmed bin Fumoluti wa ukoo wa Nabahani, ambaye Pwani nzima ilimfahamu kwa jina la Simba. Maisha yake yamezoeleka kusimuliwa kama kisa cha Pwani peke yake: Pate, Siyu, Lamu na Unguja. Ukisimuliwa hivyo, mkasa huo hubaki nusu. Nusu yake ya pili ilichezwa Ujerumani, nchi ambayo raia wake walijaribu mwaka 1848 kuwafunga watawala wao kwa katiba, wakashindwa. Athari za kushindwa huko zilifika hadi mdomo wa Tana.

Tuanze na Pate. Kwa karne kadhaa Wanabahani walitawala kisiwa hicho na sehemu kubwa ya pwani ya kaskazini. Kisha ikaja vita ya Shela, takriban mwaka 1812, ambapo watu wa Lamu waliwashinda vibaya Wapate na washirika wao Wamazrui wa Mombasa. Lamu, ikihofia kulipizwa kisasi, ilimwomba msaada Sayyid Said wa Oman. Mlango ukawa umefunguliwa. Said alipoingia hakutoka tena, na ndani ya miongo michache watawala wa Pate, waliokuwa wakipokea ushuru kutoka kwa wengine, walijikuta wakiamuliwa nani akae katika kiti chao wenyewe.

Upinzani ulihamia Siyu, mji wa mafundi na wanazuoni katika kisiwa hicho hicho. Huko Bwana Mataka alikataa kusujudia bendera ya Unguja, na katika miaka ya 1840 jeshi alilolituma Said lilipigwa, hata kamanda wake, Hamad bin Ahmed, akauawa. Simba alikulia katika hali hiyo ya ukaidi. Alikuwa mrithi wa kiti ambacho thamani yake ilikuwa inapungua kila mwaka, na chaguo lake lilikuwa kukikalia kwa hisani ya Busaidi au kukiacha na kutafuta kingine. Aliacha.

Kutoka visiwani alivuka hadi bara, akakaa kwa muda upande wa Kau, kwenye mto Ozi, na mwanzoni mwa miaka ya 1860 akaweka makao Witu. Mahali alipopachagua hapakuwa na bandari wala fahari, ila palikuwa na msitu. Mji ulizungukwa na miti minene, na njia za kuuingia zilikuwa nyembamba na zenye malango. Merikebu za Unguja, ambazo ndizo zilizokuwa nguvu ya Sultani Majid, hazikuweza kupanda juu ya nchi kavu. Siyu iliangukia mikononi mwa Majid katika miaka hiyo hiyo, lakini Witu haikuanguka.

Lililoifanya Witu iwe zaidi ya maficho ya mfalme aliyefukuzwa ni watu waliomfuata. Karne hiyo ya 19 mashamba ya bara mkabala wa Lamu, kama yale ya Mkunumbi na Hindi, yalilimwa na watumwa kwa maelfu. Mtumwa aliyeweza kukimbia alihitaji mahali ambapo bwana wake asingethubutu kumfuata, na Witu ikawa mahali hapo. Walikuja watoro, wakaja Waswahili wa Pate waliochoshwa na ushuru wa Unguja, wakaja wawindaji wa Kiboni waliozijua njia zote za msituni. Simba aliwapokea na kuwapa silaha. Kwa wenye mashamba wa Lamu jina la Witu lilikuwa sawa na wizi. Kwa mtumwa wa shambani, lilikuwa habari ya kunong'onezana usiku.

Hata hivyo, si haki kumpamba Simba kuliko alivyokuwa. Sultani aliyewapokea watoro hakuupiga vita utumwa wenyewe, na watu wake walivamia mashamba ya jirani na kuteka. Wapokomo wa bonde la chini la Tana, katika sehemu ambazo leo ni Wema, Ngao na Golbanti, walimjua kwa uso mwingine. Hao walikuwa wakulima wa mpunga na migomba, wakifuata mafuriko ya mto, na hawakuwa na mfalme. Mambo yao yaliamuliwa na wazee wa gasa, waliokaa na kujadiliana hadi wakakubaliana. Mara walisumbuliwa na Waorma, mara na Wasomali, na kutoka Witu walikuja watu waliodai mazao yao kwa jina la sultani. Uhuru wa Witu ulikuwa uhuru wa kweli kwa waliokuwa ndani ya msitu. Kwa waliokuwa mtoni ulikuwa ushuru mwingine.

Ukweli mwingine ni kwamba Simba alitawala peke yake. Alikuwa na wazee na mawaziri wa kumshauri, lakini muhuri ulikuwa wake. Jambo hilo lina uzito katika yaliyofuata.

Mwaka 1867 alifika Witu Mjerumani mmoja, Richard Brenner, aliyekuwa akichunguza kilichompata msafiri Karl Klaus von der Decken, ambaye aliuawa Bardera, kwenye mto Juba, mwaka 1865. Simba aliona katika mgeni huyo kitu ambacho wengine hawakukiona. Waingereza walikuwa marafiki wa Unguja, kwa hiyo hawakuwa na faida kwake. Taifa jipya, lisilo na urafiki na Busaidi, lingeweza kuwa ngao. Alimkabidhi Brenner ombi la urafiki na ulinzi kwa mfalme wa Prussia. Halikujibiwa kwa vitendo. Prussia wakati huo ilikuwa na shughuli nyingine.

Ni shughuli gani? Hapa inabidi kurudi nyuma miaka 19.

Machi 1848, baada ya habari za mapinduzi ya Paris kuenea Ulaya, wananchi wa Berlin walijenga vizuizi mitaani na kupigana na askari wa mfalme. Ujerumani haikuwa nchi moja. Ilikuwa mkusanyiko wa falme na miji zaidi ya 30, kila mmoja na mtawala wake. Waliosimama mwaka huo, kuanzia mafundi na wanafunzi hadi mawakili, walitaka mambo mawili kwa pamoja: nchi iungane, na watawala wawe chini ya sheria. Watawala waliogopa, wakaahidi. Mei 18 mwaka huo bunge la kwanza la Wajerumani wote lilifunguliwa Frankfurt, katika Kanisa la Mtakatifu Paulo.

Bunge hilo lilikuwa na wasomi wengi na bunduki chache. Lilijadili haki za raia kwa miezi kadhaa, na kwa hakika liliandika vizuri: uhuru wa magazeti, uhuru wa kukutana, usawa mbele ya sheria. Lakini majeshi yalibaki kwa wafalme, nao walipopata nafuu walirudisha walichokuwa wametoa. Novemba 9, 1848 mbunge Robert Blum alipigwa risasi Vienna kwa amri ya mahakama ya kijeshi, licha ya kinga yake ya ubunge. Katiba ilipokamilika Machi 1849 wabunge walimpelekea mfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm wa Nne, taji la Ujerumani nzima. Alilikataa, kwa kuwa hakutaka taji linalotoka mikononi mwa raia. Julai ile ngome ya Rastatt, kimbilio la mwisho la wapiganaji wa Baden, ilisalimu amri kwa askari wa Prussia. Waliobahatika walikimbilia Uswisi, Uingereza na Marekani.

Miongoni mwa waliokimbia alikuwamo kijana wa Mainz, Ludwig Bamberger, aliyehukumiwa kifo bila kuwapo mahakamani. Msomaji amkumbuke, kwa maana atarudi.

Prussia haikufuta bunge lake kabisa. Ilifanya ujanja zaidi ya hapo: iliacha uchaguzi, lakini wapiga kura wakagawanywa katika madaraja matatu kwa kadiri ya kodi waliyolipa, hivi kwamba matajiri wachache walikuwa na uzito sawa na umati wa maskini. Utaratibu huo ulidumu hadi 1918. Hata kwa utaratibu huo, mwanzoni mwa miaka ya 1860 wabunge waliberali walikuwa wengi, wakakataa kupitisha bajeti ya jeshi. Septemba 1862 mfalme alimwita Otto von Bismarck awe waziri mkuu. Bismarck alikusanya kodi na kutumia fedha kwa miaka minne bila bajeti iliyopitishwa na bunge, na jeshi alilolijenga kwa fedha hizo lilipoishinda Austria mwaka 1866, wengi wa wabunge hao walipiga kura ya kumsamehe. Mwaka uliofuata ndio Simba aliotuma ombi lake.

Dola ya Ujerumani ilizaliwa mwaka 1871, baada ya ushindi dhidi ya Ufaransa. Umoja uliotafutwa mwaka 1848 ulipatikana, ila uliletwa na wafalme na majemadari, na kwa masharti yao. Bunge la Reichstag lilichaguliwa kwa kura ya wanaume wote wenye umri wa miaka 25 na zaidi, jambo ambalo hata Uingereza ilikuwa haijalifikia. Lakini kansela hakuteuliwa na bunge wala hakuweza kuondolewa nalo. Alikuwa mtumishi wa kaisari. Wabunge walishika ufunguo mmoja tu wa maana, ule wa kasha la fedha.

Kwamba ufunguo huo ulikuwa na kazi kulionekana mwaka 1880. Serikali ilileta muswada wa kusaidia kampuni ya biashara huko Samoa. Bamberger, aliyekwisha kurudi kutoka uhamishoni kwa msamaha na kuwa mbunge na mjuzi wa mambo ya fedha, aliupinga kwa hoja kwamba makoloni yangelipiwa na wengi na kuwanufaisha wachache. Muswada ukaanguka. Bismarck alijifunza. Alipoamua kuingia katika mbio za makoloni mwaka 1884, hakuanza kwa kuomba fedha. Alitumia hati za ulinzi zilizotiwa sahihi na kaisari, na kampuni binafsi ziachiwe gharama. Hati ya Carl Peters kwa nchi za bara la Tanganyika ilitolewa Februari 27, 1885. Bunge halikuulizwa.

Katika hali hiyo ndipo Simba alipopata alichokuwa akikingoja kwa miaka 18.

Ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, waliijua Tana vizuri. Mwaka 1878 walisafiri mtoni humo pamoja na daktari Gustav Fischer, wakapima na kuchora. Aprili 8, 1885 Clemens alikutana na Simba huko Witu, akanunua kipande cha ardhi na kumtilisha sahihi mkataba wa kuomba ulinzi wa kaisari. Mei 27 Berlin ilitangaza kwamba Witu iko chini ya ulinzi wake.

Sultani Barghash wa Unguja aliwaka hasira. Kwake Simba alikuwa mhalifu aliyekimbia, na Witu ilikuwa ardhi yake. Aliandaa askari wa kwenda kumshughulikia. Agosti mwaka huo manowari za Ujerumani zilitia nanga mbele ya kasri lake zikielekeza mizinga ufukweni, na Barghash, baada ya kuona kwamba Waingereza hawakuwa tayari kupigana kwa ajili yake, alikubali. Kwa Simba ulikuwa ushindi mkubwa kuliko wote. Ukoo uliomfukuza Pate ulikuwa umefedheheshwa mbele ya Pwani nzima, naye hakutoka msituni wala kufyatua risasi.

Alielewa nini kuhusu karatasi aliyoitia sahihi? Hakuwa mtoto katika siasa. Aliuchukulia mkataba kama ahadi kati ya wafalme wawili, iliyofungwa kwa heshima ya kila mmoja, namna Wanabahani walivyofunga ahadi na majirani zao kwa vizazi. Berlin iliuchukulia kama hati ya mali, inayoweza kuwekwa, kukopewa au kuuzwa. Tofauti hiyo ilijitokeza mapema. Novemba 1, 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana juu ya mipaka ya pwani, na eneo la sultani wa Witu likatambuliwa kuanzia Kipini hadi mwisho wa kaskazini wa ghuba ya Manda. Lamu na Pate hazikuwamo. Kiti cha mababu kilichomtoa Simba kisiwani kilibaki kwa adui yake, na rafiki yake ndiye aliyekubali hivyo.

Mwaka huo huo wa 1886, mwezi Aprili, Ujerumani ilipitisha sheria ya nchi zilizo chini ya ulinzi wake. Ilikuwa na vifungu vingi vya kimahakama, lakini kiini chake kilikuwa kimoja: mamlaka katika nchi hizo yangeendeshwa na kaisari kwa jina la dola. Reichstag, kwa kuipitisha, ilimkabidhi mtawala kwa mkono wake wenyewe kile ambacho wabunge wa Frankfurt walikataa kuwakabidhi wafalme. Wapinzani walikuwapo. Eugen Richter na Bamberger waliendelea kupinga, na wasoshalisti wa August Bebel walipinga kwa ukali zaidi. Walikuwa wachache.

Bonde la Tana, kwa upande wake, lilikuwa limeanza kuwaona Wazungu wenyewe. Huko Golbanti wamishonari wa Kimethodisti kutoka Uingereza walikuwa wametangulia, na mwaka 1886 John Houghton na mkewe waliuawa hapo katika uvamizi wa Wamaasai. Mwaka 1887 wamishonari wa Neukirchen, kutoka magharibi mwa Ujerumani, walijenga Ngao. Ferdinand Würtz, mmoja wao, alijifunza Kipokomo na kukiandika. Watu hawa hawakuwa sawa na Denhardt, ingawa walipita njia moja. Kanisa na masomo waliyoyaacha Ngao yaliishi muda mrefu kuliko himaya iliyowatangulia mlangoni.

Mwaka 1888 ulikuwa mwaka wa mazishi. Machi 9 alifariki kaisari mzee Wilhelm wa Kwanza. Mwezi huo huo alifariki Barghash. Kaisari mpya, Friedrich wa Tatu, mkwe wa Malkia Victoria, ndiye aliyekuwa tumaini la waliberali wote wa Ujerumani, waliomngoja kwa miaka mingi wakiamini kwamba angelipa bunge nafasi yake. Alipokea taji akiwa na saratani ya koo, hawezi hata kusema. Alitawala siku 99, akafa Juni 15. Bamberger, ambaye katika siku hizo alikuwa akimshauri mke wa kaisari kwa siri, alishuhudia matumaini ya maisha yake yakizikwa kwa mara ya pili. Taji lilikwenda kwa mwanawe, Wilhelm wa Pili, kijana wa miaka 29 asiyependa kuambiwa.

Simba naye alifariki mwaka huo ukigeuka kuingia 1889, akiwa mzee, katika mji alioujenga, bila kushindwa na Unguja. Alimwachia Fumo Bakari kiti na mkataba. Kama angeishi miezi 18 zaidi angeuona mwisho wake.

Dalili zilikuwapo. Januari 1889 Reichstag iliombwa marki milioni mbili za kuzima vita ya Abushiri katika pwani ya Pangani na Bagamoyo, nayo ilikubali kwa kuwa ombi lilivikwa joho la kupambana na biashara ya watumwa. Hakuna aliyekumbuka kwamba katika pwani hiyo hiyo, upande wa kaskazini, kulikuwa na mji wa watumwa waliojikomboa, nao ulikuwa chini ya ulinzi wa Ujerumani. Julai 1889 Carl Peters alipanda Tana kupitia Ngao na msafara wenye silaha, akidai kwenda kumwokoa Emin Pasha. Waorma wa juu ya mto walimkumbuka kwa bunduki zake. Ni Peters huyo huyo ambaye Bebel alimwanika mbele ya Reichstag mwaka 1896 kwa kuwanyonga watu Kilimanjaro, na akafukuzwa kazi mwaka 1897. Bunge lisilo na nguvu ya kuamua bado lilikuwa na nguvu ya kuaibisha, na hiyo si nguvu ya kudharauliwa.

Machi 1890 Wilhelm wa Pili alimwondoa Bismarck. Kansela mpya, Leo von Caprivi, alitaka maelewano na Uingereza, na Julai 1 mwaka huo mkataba ulitiwa sahihi. Ujerumani ilipewa Helgoland, kisiwa kidogo ambacho Waingereza walikuwa wamekishika tangu enzi za vita vya Napoleon. Kwa upande wake, ilitambua ulinzi wa Uingereza juu ya Unguja na Pemba, na iliiacha Witu. Mengine katika mkataba huo yalihusu mipaka ya bara. Neno la Witu lilichukua mistari michache.

Kuipokea Helgoland kulihitaji sheria, na sheria hiyo ilipita Reichstag Desemba 1890. Kuiacha Witu hakukuhitaji kura ya mbunge hata mmoja. Kaisari aliichukua, kaisari akaitoa. Watu wa Ujerumani waliopiga kelele wakati huo hawakulilia watoro wa msituni. Walilalamika kwamba nchi yao imepunjwa katika biadhara, na kutokana na hasira hiyo vikazaliwa vyama vya kizalendo vilivyodai makoloni zaidi.

Fumo Bakari aliona kwamba ameuzwa, naye hakukosea. Septemba 1890 Mjerumani Andreas Küntzel aliingia Witu na wenzake kutafuta mbao, wakati jina la Ujerumani lilikuwa limegeuka sumu. Kukatokea ugomvi langoni, akafyatua risasi, na yeye na wenzake kadhaa wakauawa. Berlin ilidai adhabu. Waingereza, wenye nchi wapya, waliitekeleza: Admirali Edmund Fremantle aliteremsha askari na mabaharia Kipini, akapita msituni, na mwishoni mwa Oktoba Witu ikateketezwa kwa moto. Msitu uliowazuia Busaidi kwa karibu miaka 30 haukuwazuia wenye bunduki za kisasa hata kwa wiki moja. Fumo Bakari alikimbilia Jongeni, akafa huko mwanzoni mwa 1891.

Mapambano hayakuishia hapo. Fumo Omari aliendelea kupigana kutoka misitu ya Jongeni na Pumwani kwa miaka kadhaa, kiasi kwamba kampuni ya Waingereza iliyopewa kuitawala Witu ilichoka na gharama na kujitoa Julai 1893. Alipokamatwa, kiti kikapewa Omari Madi mwaka 1895, mtu ambaye watawala wapya waliridhika naye, akakikalia hadi 1923. Watoro na watoto wao walibaki katika nchi hiyo wakilima. Hakuna mkataba hata mmoja kati ya hiyo yote uliowahi kusomwa mbele ya wazee wa gasa mtoni.

Ujerumani ilichelewa kujifunza. Mwaka 1911 serikali ilibadilishana tena ardhi za Afrika na Ufaransa kwa mtindo ule ule, na safari hii Reichstag iliasi. Mwaka 1912 sheria ya makoloni ilirekebishwa ili nchi iliyo chini ya ulinzi isipokewe wala kutolewa bila sheria ya bunge. Rekebisho hilo, ambalo lingeweza angalau kuifanya Witu ijadiliwe hadharani, lilikuja miaka 22 baada ya Witu kuchomwa, na miaka miwili kabla ya vita iliyoiondolea Ujerumani makoloni yote. Mapinduzi ya Novemba 1918 yalimwondoa kaisari. Jamhuri iliyofuata ilidumu miaka 14, ikaangushwa na Hitler mwaka 1933, na katiba ya mwaka 1949, iliyotungwa juu ya magofu, ilirudia haki nyingi zilizoandikwa Frankfurt karne nzima kabla. Kifungu chake cha 59 kinataka mikataba inayogusa mambo ya kisiasa ya nchi ipate idhini ya bunge.

Clemens Denhardt aliishi hadi 1929, akiwa amedai fidia ya mali yake ya Witu kwa miaka mingi. Alikufa raia wa jamhuri ambayo wimbo wake wa taifa, uliotangazwa rasmi mwaka 1922, ulitungwa na August Heinrich Hoffmann von Fallersleben, mshairi mliberali aliyefukuzwa uprofesa kwa sababu ya mashairi yake ya kisiasa. Aliutunga Agosti 1841 akiwa mapumzikoni Helgoland, kisiwa ambacho wakati huo kilikuwa cha Waingereza, na kwa hiyo kilikuwa mahali ambapo Wajerumani wapenda uhuru waliweza kuzungumza bila kuogopa polisi wa wafalme wao.